Makopa, sianidi na miguu ya mtoto: jibu kwa mama wa Newala

«Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkulima wa kijiji kimoja wilayani Newala. Mvua za msimu uliopita zilikatika mapema, mahindi yakaungua, na tangu mwezi wa saba tunakula ugali wa makopa, yaani vipande vya muhogo mchungu vilivyoanikwa, mchana na usiku. Mwezi uliopita walikuja watafiti wa chuo kikuu. Walichukua unga kidogo nyumbani kwangu, wakautia kwenye kichupa pamoja na karatasi ya njano, na kesho yake karatasi ilikuwa imegeuka kahawia; wakasema sumu imezidi. Walichukua pia mkojo wa watoto. Mmoja wao alisema wenzao wanatafuta namna ya kuondoa jeni ya sumu kwenye muhogo. Mama mkwe wangu anasema bibi zetu walikula makopa hayahaya wala hawakufa, na kwamba moto unaua kila sumu. Sasa mtoto wa jirani, wa miaka sita, aliamka siku tatu zilizopita miguu imekakamaa, anatembea kwa ncha za vidole. Wapo wanaosema amerogwa, wapo wanaosema ni mambo ya wale watafiti. Nimwamini nani? Ning'oe muhogo wote? Na hiyo jeni ni kitu gani?»

Marahaba, mama. Umeuliza mengi, na kati ya hayo lipo moja lisiloweza kungoja mpaka mwisho wa barua, kwa hiyo nalitanguliza. Mtoto wa jirani apelekwe kituo cha afya leo, na kutoka hapo hospitali ya wilaya, au popote atakapoelekezwa, iwe Ndanda au Ligula. Wazazi wake waeleze mambo matatu bila kuficha: miguu ilianza lini na kwa kasi gani, ni mguu mmoja au yote miwili, na kwa muda gani nyumba hiyo imekuwa ikila muhogo mchungu. Kwa haya uliyoniandikia, wazo la kwanza linalonijia ni konzo, ugonjwa wa kukakamaa miguu unaoletwa na sumu ya muhogo mchungu, lakini mimi ninafundisha baiolojia ya seli na molekuli, si tabibu, na hata tabibu hawezi kupima miguu kwa barua. Polio hulegeza kiungo, mara nyingi upande mmoja, na huandamana na homa. Kifua kikuu cha uti wa mgongo huja polepole na huenda kikaonyesha kinundu mgongoni. Konzo hukakamaza miguu yote miwili kwa saa chache au siku chache, bila homa, na mtoto hubaki na fahamu zake na hisia zake. Zaidi ya hayo, mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 anayepata udhaifu wa ghafla wa viungo anapaswa kuripotiwa ili polio iondolewe katika mashaka, na hilo peke yake ni sababu tosha ya safari.

Wakati wakingoja majibu, mtoto huyo asile tena ugali wa unga ule. Nasisitiza hivyo kwa sababu konzo, ikishatokea, haiendelei kuongezeka yenyewe kama magonjwa mengine ya neva, lakini aliyepatwa mara moja anaweza kupatwa tena na kuumia zaidi akiendelea na chakula kilekile. Madhara yaliyokwisha kupatikana hayafutiki, na ni afadhali wazazi wake waambiwe hivyo mapema kuliko kutumia fedha zao kwa waganga wa kienyeji. Mazoezi ya viungo, fimbo za kutembelea, na kwa wengine upasuaji mdogo wa kurefusha mshipa wa kisigino, huweza kumrudishia mtoto sehemu ya mwendo wake. Ugonjwa huu hauambukizi. Wanao waendelee kucheza naye.

Kuhusu watafiti, nafahamu jinsi mambo mawili yanayofuatana yanavyoonekana kuwa moja limezaa jingine. Lakini karatasi ile ya njano haikuingiza kitu kijijini. Ni karatasi iliyolowekwa katika kemikali iitwayo pikreti na kukaushwa. Ndani ya kichupa hutiwa unga kiasi cha gramu moja ya kumi tu, kama ule unaobaki katikati ya vidole viwili, pamoja na maji kidogo na kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha badiliko la kemikali. Karatasi huning'inizwa juu bila kugusa unga, kifuniko hufungwa, na chupa huachwa usiku kucha. Hewa ya sianidi, yaani ile sumu ya muhogo, inapopanda kutoka kwenye unga, njano hugeuka rangi ya chungwa, kisha kahawia, na kadiri inavyokoza ndivyo sumu ilivyo nyingi. Kipimo hicho kilitengenezwa na Howard Bradbury na wenzake katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, Canberra, makusudi kitumike mahali pasipo na umeme wala maabara. Kilichoonekana nyumbani kwako kilikuwa tayari ndani ya debe lako la unga.

Sasa nije kwa mama mkwe, ambaye naomba umfikishie salamu zangu, kwa kuwa amesema kweli nusu. Ni kweli kwamba wazee wa uwanda wa Makonde na wa Lindi wameishi na muhogo mchungu kwa vizazi, na wala hawakuupanda kwa ujinga. Nguruwe pori na nyani huuogopa, mwizi wa usiku hawezi kuung'oa na kuutafuna njiani, nao hukaa ardhini ukimngoja mwenye shamba mpaka njaa ipite. Si kweli kwamba haukumdhuru mtu. Mwaka 1981, ng'ambo ya Ruvuma katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 walikakamaa miguu baada ya ukame mkali, na Wamakua wa huko waliuita ugonjwa huo mantakassa. Jina konzo lenyewe limetoka kwa Wayaka wa Congo, likiwa na maana ya miguu iliyofungwa, na daktari Mwitaliano Giovanni Trolli aliuandikia mwaka 1938. Mkoa wa Mtwara nao ulipata wagonjwa wa konzo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1980, watu wa Masasi walitapika na kuzimia kwa sumu ya muhogo uliotayarishwa harakaharaka wakati wa njaa. Karibu kila palipotokea maafa haya pana ukame, na pana watu waliofupisha kazi ya kutayarisha muhogo kwa sababu tumbo halikuweza kungoja.

Kwa nini kufupisha kazi kuwe na hatari kubwa hivyo? Jibu limo ndani ya seli za muhogo, na hapo ndipo mahali pangu, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Watu wengi hudhani sianidi imo ndani ya muhogo kama chumvi ilivyo ndani ya maji ya bahari. Sivyo. Muhogo mzima, ulio hai ardhini, karibu hauna sianidi huru kabisa. Una kitu kiitwacho linamarini, ambacho ni sukari iliyofungamanishwa na sianidi, na mmea huihifadhi katika vakuoli, yaani kifuko cha maji kilicho katikati ya kila seli. Nje ya kifuko hicho, kwenye ukuta wa seli, kinakaa kimeng'enya kiitwacho linamarase, ambacho kazi yake ni kuikata linamarini. Fikiria kiberiti: njiti zimo ndani, ubavu wa kukwaruzia uko nje, vyote ndani ya mfuko mmoja wa kanzu, na hakuna kinachowaka. Panya anapouma mzizi, seli hupasuka, njiti hukutana na ubavu. Linamarase huondoa ile sukari, kinabaki kitu kisichotulia kiitwacho asetoni sianohidrini, nacho huvunjika na kutoa sianidi. Mmea umejiwekea mtego unaofyatuka pale tu anapokuja wa kuutafuna.

Ukishalielewa hilo, utaona kwamba kazi zote za mama zetu, kumenya, kukwaruza, kuponda, kuloweka na kuvundika, zina shabaha moja: kuufyatua mtego nje ya tumbo la mtu, kisha kuiacha sianidi iende zake. Na kuondoka haisumbui. Sianidi huchemka kwenye joto la nyuzi 26 hivi, ambalo kwa Mtwara ni joto la asubuhi ya kawaida, kwa hiyo ikishakuwa huru na ikiwa imetandazwa mahali pa wazi, hupepea hewani.

Hapa ndipo moto wa mama mkwe unapotugeuka. Linamarini huvumilia kuchemshwa, lakini kimeng'enya cha kuikata hakivumilii, kwa kuwa ni protini, na protini ikichemka huganda na kupoteza kazi yake kama ute wa yai kwenye kikaango. Ukitumbukiza vipande vikubwa vya muhogo mchungu katika maji yanayochemka, unamuua anayeivunja sumu na kuiacha sumu yenyewe, isipokuwa sehemu inayoyeyukia kwenye maji na kumwagwa. Mtu akila, sehemu ya linamarini iliyobaki hupita mwilini na kutoka kwa mkojo kama ilivyoingia, lakini sehemu nyingine huvunjwa na bakteria wa utumbo, na sianidi hufyatuka humohumo. Ugali ni vivyo hivyo: unga ukiingia kwenye maji ya moto na kusongwa kwa dakika chache, linamarini iliyokuwamo haijapata muda wa kukutana na chochote.

Linganisha na kisamvu, ambacho kila mwanamke wa kusini anajua hakipikwi bila kutwangwa. Majani ya muhogo yana linamarini nyingi kuliko sehemu ya mzizi tunayokula, na bado kisamvu hakituui, kwa sababu kinuni kila seli hupasuliwa kabla ya moto, na majani yana kimeng'enya kingi kuliko mzizi. Utwange hasa, si nusunusu. Ukiisha kutwanga, kiache kitambo kwenye ungo kabla ya kukibandika, kisha ukichemshe sufuria ikiwa wazi. Aliyegundua kwamba kisamvu hutangulia kinuni ndipo kiende jikoni alikuwa mwanabaiolojia mzuri kuliko wengi niliosoma nao.

Makopa yana tatizo lake. Kumenya muhogo, kuupasua na kuuanika juani ndio utayarishaji mwepesi kuliko wote, na kwenye uwanda wenu ambako ndoo ya maji ni mali, nafahamu kwa nini mmeupendelea. Lakini kipande kinachokauka upesi hukauka kikiwa na seli nyingi ambazo hazijapasuka: maji yametoka, njiti na ubavu havijakutana. Vipimo vilivyofanywa na watafiti mbalimbali vinaonyesha kwamba kuanika peke yake huacha takribani robo mpaka theluthi ya sumu yote. Tufanye hesabu. Muhogo mchungu wenye miligramu 100 za sianidi kwa kila kilo mbichi si wa ajabu. Kilo tatu mbichi hutoa unga wa kilo moja hivi, kwa hiyo zile miligramu 300 zimekusanyika kwenye kilo moja. Ikibaki theluthi, unga wako una miligramu 100. Kiwango salama kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo ni miligramu 10 kwa kilo ya unga. Ukame huzidisha balaa, kwani muhogo wenye kiu huongeza linamarini, na unga wa Nampula ulipopimwa baada ya mvua mbaya ulipita 100. Sitashangaa kama karatasi yako ilikuwa na rangi ya maji ya chai ya rangi.

Ndani ya mwili, sianidi huenda moja kwa moja kwenye mitokondria, yaani majiko madogo ambamo kila seli huchomea chakula chake kwa kutumia oksijeni, na huziba kimeng'enya cha mwisho kinachopokea oksijeni hiyo. Mtu anapumua, damu yake ina hewa, lakini seli zinakosa hewa kama mtu aliyezama. Ikiwa nyingi kwa mpigo, huleta kizunguzungu, kichwa kuuma, kutapika na kulegea ndani ya saa chache baada ya mlo. Ikiwa kidogokidogo kila siku, mwili huwa na njia ya kujitetea: kimeng'enya kiitwacho rodanesi huipachika sianidi salfa na kuigeuza kuwa thiosianeti, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi na hutoka kwa mkojo. Ndiyo maana waliomba mkojo wa wanao. Hawakutafuta ugonjwa wa aibu wala mambo ya ushirikina. Walikuwa wakihesabu ni sianidi kiasi gani imepita katika miili midogo ile. Thiosianeti nayo, ikizidi kwa muda mrefu mahali penye upungufu wa madini joto, huchangia rovu shingoni.

Jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha ni kwamba salfa hiyo haitoki hewani. Hutoka katika protini tunayokula, hasa ile yenye amino asidi, yaani vijenzi vya protini, ziitwazo methionini na sisteini. Anayekula ugali wa muhogo kwa dagaa, samaki au mayai ana hazina ya kulipia sumu. Anayeula kwa mchuzi mtupu siku baada ya siku hana, naye ndiye konzo humfuata, hasa mtoto aliyekwisha kuacha ziwa na mama aliye katika umri wa kuzaa. Namna hasa sianidi, au mabaki yake, yanavyoua neva za mwendo na kuziacha nyingine, bado wanasayansi wanabishana. Désiré Tshala-Katumbay, mtafiti Mkongo, amelifanyia kazi suala hilo kwa miaka mingi akiwa Kinshasa na Oregon. Lakini kwamba sumu nyingi na protini haba hutembea pamoja, hilo halina ubishi.

Na hapa niruhusu niseme neno la mtu aliyekulia Lindi. Tunalima ufuta, na ufuta ni miongoni mwa mbegu zenye methionini nyingi kuliko kunde zote. Kila msimu magunia yanakwenda ghalani kwa stakabadhi mpaka punje ya mwisho, fedha zinaisha kabla ya mwezi wa pili, na nyumba inabaki na makopa. Simlaumu mtu, maana ada ya shule hailipwi kwa nasaha. Lakini debe moja la ufuta likibakishwa ndani, likakaangwa na kutwangwa, kijiko kimoja katika mboga ya kila siku kinamsaidia mtoto kuliko unavyodhani. Mbaazi, kunde, karanga na njugu mawe pia, ingawa peke yake salfa yake ni haba zaidi.

Basi ufanye nini na unga ulio nao sasa, ambao huwezi kuutupa kwa sababu ndio chakula? Ipo njia rahisi, iliyotokana na maabara hiyohiyo ya Canberra, nayo haihitaji chochote usichokuwa nacho. Mimina unga mkavu kwenye beseni, usawazishe bila kuushindilia, kisha uchore alama kwa mkaa ndani ya beseni mahali unga ulipofika. Tia maji kidogokidogo huku ukichanganya. Kwanza utaona unga unashuka, kwa kuwa hewa inatoka; endelea kutia maji mpaka tope hilo zito lipande tena na kufika palepale kwenye alama. Acha hapo. Litandaze juu ya mkeka safi au jamvi, tabaka lisizidi unene wa sentimita moja, yaani kama upana wa ukucha wa kidole kidogo. Juani liache saa mbili, kivulini saa tano. Katika muda huo kimeng'enya kilichokuwa kimelala ndani ya unga mkavu huamshwa na maji, hukutana na linamarini, na sianidi huondoka mbele ya macho yako bila kuonekana. Songa ugali wako siku hiyohiyo, kwani unga uliolowa ukilala huchacha.

Njia hii hupunguza sumu mara tatu mpaka mara sita. Imefundishwa kwa wanawake vijijini Msumbiji, na katika eneo la Popokabaka huko Congo, ambako konzo ilikuwa ikirudi kila mwaka, vijiji vilivyoizoea havikupata wagonjwa wapya. Wasiwasi wangu ni mmoja. Kama unga wako umeanzia juu sana, hata ukigawanywa kwa tano bado unaweza kubaki juu ya zile miligramu 10. Kwa hiyo ichukue kama tiba ya unga ulio nao leo, na kwa muhogo utakaouvuna kesho, urekebishe kazi tangu mwanzo.

Ukipata maji, loweka muhogo uliomenywa siku tatu au zaidi mpaka ulainike na kubonyea kwa kidole, ndipo uukaushe. Katika kuloweka namna hiyo vijidudu hulainisha kuta za seli, kila kitu hukutana na kila kitu, na kinachobaki ni kidogo sana. Usipopata maji ya kutosha, usianike vipande vikubwa. Kwaruza au ponda muhogo mbichi, urundike chungu kilichofunikwa usiku mmoja ukiwa bado na unyevu wake, kisha ndipo uutandaze juani. Kanuni yenyewe ni hiyo: upasue kwanza, uupe muda ukiwa mbichi, ukaushe baadaye. Jua kali linalokausha kwa siku moja, ambalo kwa korosho ni neema, kwa muhogo mchungu ni haraka isiyo na baraka.

Kuonja nako usikutegemee mno. Kwa kawaida muhogo mchungu una sumu zaidi ya mtamu, lakini ulimi si mizani. Muhogo mtamu uliostahimili ukame unaweza kubadilika, na unga uliochanganywa na mwingine hauwezi kuonjwa ukakuambia kitu. Na mtu akipata dalili za sumu baada ya mlo, asipewe maziwa wala mafuta ya kumtapisha, kama ilivyo desturi yetu. Kimbizeni kituo cha afya, mkiwa na kipande cha ugali au unga aliokula, na mwende upesi zaidi kama anapumua kwa shida, amepoteza fahamu au ametupwa na degedege. Kama watu wawili au watatu wa nyumba moja wanatapika pamoja, msingoje wa nne.

Ama jeni, jeni ni agizo lililoandikwa katika vinasaba vya kila seli, likieleza namna ya kutengeneza kitu fulani. Hakuna jeni iliyo sumu. Zipo jeni mbili, ambazo wataalamu huziita CYP79D1 na CYP79D2, zinazoagiza vimeng'enya vya hatua ya kwanza ya kutengeneza linamarini kutokana na amino asidi iitwayo valini. Zilitambuliwa mwaka 2000 na watafiti wa Copenhagen, Denmark, na miaka mitatu baadaye watafiti wawili wa Ohio, Dimuth Siritunga na Richard Sayre, walizizima hasa ndani ya majani. La ajabu ni kwamba mizizi nayo ikapungukiwa linamarini kwa asilimia 99. Hapo ikadhihirika kwamba sehemu kubwa ya sumu ya mzizi hutengenezwa kwenye majani na kusafirishwa chini. Lakini miche ile ilishindwa kukua vizuri bila kuongezewa naitrojeni, jambo linaloonyesha kwamba linamarini kwa mmea ni akiba ya chakula pia, wala si silaha tu. Mwaka 2023 kundi jingine la Marekani lilitumia mbinu ya kuhariri jeni iitwayo CRISPR kuziharibu jeni zote mbili, na miche ikapatikana isiyo na sianidi.

Unaniuliza, je, ni habari njema? Kwa mwanasayansi ni kazi safi, na ninaifundisha darasani kwa furaha. Kwa mkulima wa Newala ninasitasita. Muhogo usio na mtego utalindwa na nani dhidi ya nguruwe pori? Utastahimili ukame vipi bila akiba yake? Mpaka miche ya namna hiyo ijaribiwe katika udongo kama wa kwenu, kwa misimu mingi na chini ya sheria zetu za usalama wa viumbe, haitaingia shambani kwako, na wale waliokuja kuchukua unga hawakuja kubadilisha mbegu yako. Mtafiti halali ana kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na anapochukua mkojo wa watu huwa na kibali cha maadili kama kile kinachotolewa na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu; lazima akuombe ridhaa kabla, na una haki ya kukataa, ya kuona kibali, na ya kuletewa majibu. Wakirudi, waulizeni kwa adabu lakini bila woga: unga wangu ulisoma ngapi, mkojo wa wanangu ulisoma ngapi, na mtaupima tena lini baada ya sisi kuanza kuulowanisha? Mtendaji wa kijiji na mganga wa kituo wawepo siku hiyo, kwa maana mtoto mmoja aliyekakamaa miguu ni habari ya kijiji kizima.

Usiung'oe muhogo wako. Ukiung'oa katikati ya njaa umebaki na nini? Mvua zikikaribia, nenda TARI Naliendele, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, au umtume anayekwenda Mtwara, ukaulize pingili za muhogo mtamu unaostahimili magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Panda kishamba cha mtamu karibu na nyumba, kwa ajili ya kuchemsha na kuchoma, na mchungu uuache shamba la mbali kwa ajili ya unga peke yake. Kisha watembeze watoto mashamba yote mawili, uwaonyeshe kwa mkono mche mmojammoja, shina na rangi ya kikonyo cha jani, maana wao ndio hung'oa mzizi njiani wakitoka shule na kuutafuna mbichi.